Shule Iliyo Karibu na Nyumba

Kila mwaka ifikapo Oktoba, vitabu vya kuandikishia watoto vifunguliwapo katika shule za msingi, sisi walimu huulizwa swali moja na watu wa kila namna. Fundi cherehani hutuuliza, karani hutuuliza, mama mwenye genge la mboga hutuuliza: "Mwalimu, shule yetu hii ni njema? Nimlete mwanangu hapa, au nitafute kwingine?" Huliuliza njiani, tena kwa sauti ya chini, kana kwamba ni jambo la aibu. Mimi sioni aibu ndani yake. Mtu anunuaye chungu hukigonga kwa kidole asikie mlio wake. Seuze mtu amtoaye mtoto wake, mchana kutwa, kwa miaka mingi, mikononi mwa watu asiowajua.

Lakini swali hilo lina jingine tumboni mwake. La kwanza ni la macho: shule njema hujulikana kwa nini? La pili ni la dhamiri: nikiisha kuiona shule ya jirani kuwa dhaifu, nami ninayo fedha ya kumpeleka mwanangu mahali pengine, je, ni haki nimwondoe, watoto wa majirani wakabaki humo? La kwanza watu hulijibu kwa haraka. La pili wengi hawaliulizi kabisa.

Nasema habari za Tanzania, maana ndizo nizijuazo. Shule ya jirani kwetu ni ile ya msingi ya serikali, isiyotoza ada, impokeayo kila mtoto wa mtaa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto apate nafasi ya darasa la kwanza ifikapo mwaka 1977. Katika dhiki ya miaka ya 1980 wazazi walirudishiwa mzigo wa ada. Ada ikaondolewa katika shule za msingi mwaka 2001, na tangu Januari 2016 elimu bila ada ikafika hata kidato cha nne. Kila mlango ulipofunguliwa, watoto waliingia wengi kuliko madawati, wengi kuliko walimu. Hilo silo la kulaumu. Nani angependa mlango ufungwe? Lakini tangu miaka ya 1990, shule za watu binafsi zifundishazo kwa Kiingereza zilipoanza kuongezeka mijini, wenye uwezo walipata mlango mwingine wa kutokea. Ndipo swali letu lilipozaliwa, kwa kuwa asiye na njia mbili hana la kuchagua.

Mzazi wa siku hizi hupenda kuanza na matokeo ya mtihani. Kwa miaka mingi orodha ya shule kumi bora ilitangazwa, na watu wakaisoma kama wasomavyo msimamo wa ligi ya mpira. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilieleza kwamba halitataja tena shule kumi bora wala watahiniwa kumi bora. Wako walionung'unika ya kuwa wamenyimwa kipimo. Mimi naona walinyimwa kipimo kibovu, kwa sababu hii. Shule nyingi za kulipia humpima mtoto kabla ya kumpokea, na asiyeweza hurudishwa mlangoni. Akiingia, kisha akaonekana mzito, hukaririshwa darasa, au mzazi wake huitwa na kushauriwa kwa upole amtafutie mahali pengine, asije akaharibu wastani wa shule. Shule ya mtaa haina ungo wa namna hiyo. Humpokea mtoto wa daktari na mtoto wa mvuvi, aliyeshiba na aliyelala njaa, asikiaye vizuri na mwenye usaha masikioni. Mkulima aliyechagua mbegu punje kwa punje akivuna kuliko yule aliyepanda alizopewa, bado hatujajua ni nani kati yao ajuaye kulima.

Jambo hili lilikwisha kupimwa Marekani. Mwaka 1966 James Coleman na wenzake walitoa taarifa iliyotokana na wanafunzi kama laki sita, wakaonyesha kwamba tofauti za matokeo ya watoto zilifuata hali ya nyumba zao, na hali ya wenzao darasani, kuliko zilivyofuata majengo na vifaa vya shule. Wako walioipokea habari hiyo kana kwamba shule haina kazi yoyote. Sivyo, wachunguzi waliokuja baadaye waliona kuwa mwalimu mmoja hutofautiana sana na mwalimu mwingine hata ndani ya shule moja. Ila yafaa tukumbuke ya kuwa mtu atazamaye wastani wa shule, kwa sehemu kubwa atazama nyumba za watoto, naye adhani ametazama kazi ya walimu.

Ya sare nzuri na basi la njano sitasema neno. Kila mtu ajua hayo hununuliwa.

Basi mtu atazame nini? Aende siku ya kawaida, Jumanne au Jumatano, wala si siku ya mahafali, maana siku ya mahafali kila shule ni njema. Ajitambulishe kwa mwalimu mkuu, aombe kupita. Ahesabu vichwa. Kipimo cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 45, na tundu moja la choo kwa wasichana 20 au wavulana 25. Katika shule nyingi za mijini hesabu hiyo haitimii, na yako madarasa yenye watoto zaidi ya mia. Aende chooni kwa miguu yake, asiridhike kuonyeshwa kwa kidole. Atazame kama yapo maji, na kama mlango wa upande wa wasichana una komeo. Msichana aliyepevuka, asipokuwa na mahali pa faragha, hukaa nyumbani siku kadhaa kila mwezi, na masomo ya siku hizo hayamngoji.

Aulize pia habari za kiboko. Kanuni za mwaka 2002 zasema kwamba viboko havizidi vinne, kwamba hutolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, kwamba msichana hachapwi na mwalimu wa kiume ikiwa yuko wa kike, na ya kuwa kila adhabu iandikwe kitabuni. Mzazi na aombe kukiona kitabu hicho. Shule ambayo kila mwalimu hutembea na fimbo mkononi, na kitabu hakipo, imekwisha kumweleza mengi.

Lakini kama ningeruhusiwa kutazama kitu kimoja tu, ningeomba madaftari. Si ya mtoto hodari, ambayo mwalimu huyaweka juu ya meza kwa ajili ya wageni. Ningeomba ya yule aketiye nyuma kabisa, karibu na ukuta. Daftari lina tarehe: je, iko kazi kila siku, au yapita majuma mawili bila mstari? Lina kalamu nyekundu: je, mwalimu ameisoma kazi, au amepitisha mkono tu? Hilo huonekana, kwa kuwa mtoto ameandika 7 + 5 = 13, nayo imetiwa vema. Au ameliona kosa, akatia alama ya kosa, akaenda zake? Au, chini ya kosa, ameandika njia iliyo sawa, na mtoto akairudia kwa mkono wake, na siku ya pili hesabu kama ile ikaja sawa? Ukiliona hilo la tatu katika daftari la mtoto wa nyuma, katika darasa la watoto 90, umekutana na mwalimu wa kweli. Mwandikishe mwanao hata kama bati lavuja. Nimeyaona madaftari ya namna hiyo katika madarasa ambayo mgeni angeyapita kwa kuyahurumia, na kinyume chake nimekiona nyuma ya madirisha ya vioo.

Kisha na asikilize mtoto akisoma. Wapimaji wa Uwezo, walipoanza kazi yao Afrika Mashariki yapata mwaka 2010, hawakwenda kuuliza walimu. Walipita nyumba kwa nyumba, wakampa mtoto hadithi fupi ya kiasi cha darasa la pili, wakamwambia: soma. Katika taarifa zao za miaka ya mwanzo ilionekana kwamba walio wengi wa darasa la tatu hawakuweza kuimaliza hadithi hiyo, ijapokuwa ni Kiswahili kitupu. Mwaka 2015 serikali ilileta mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili, uliowekwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Mzazi hahitaji kungoja wapimaji. Namjua mama mmoja muuza vitumbua, ambaye yeye mwenyewe hajui kusoma, aliyetaka kujua hali ya shule ya mtaani kwake. Aliwaita watoto watatu wa darasa la tatu, kila mmoja peke yake, akampa kila mmoja ukurasa ule ule wa kitabu. Wa kwanza alisoma habari za sungura. Wa pili alisoma habari za mvua. Wa tatu alinyamaza. Sijapata kusikia ukaguzi wa shule uliofanywa vizuri kuliko huo.

Sasa nije kwa swali la dhamiri, maana ndilo lililonitia kalamu mkononi.

Mtaalamu wa uchumi, Albert Hirschman, katika kitabu alichokitoa mwaka 1970, alieleza jambo aliloliona Nigeria. Reli ya serikali ilikuwa ikichukua karanga kutoka kaskazini mpaka bandarini, safari ya maili kama 800, yakatokea malori yakaanza kuinyang'anya mizigo. Mtu angedhani kwamba reli, kwa kuona wateja wakiikimbia, ingeamka na kujirekebisha. Haikuamka. Hasara ya fedha haikuiuma sana, kwa kuwa hazina ya serikali ilikuwa nyuma yake. Na kelele, ambazo labda zingeiuma, hazikusikika, maana wale hasa ambao wangepiga kelele ndio waliokwisha kupanda malori. Hirschman alisema kwamba shule za serikali zaweza kupatwa na ugonjwa huo huo. Wa kwanza kuondoka ni wale waujuao ubaya wa shule kwa undani, wenye ulimi wa kusema na mkuu wa wilaya, wenye kujua barua huandikwa kwa nani. Wakiondoka, shule haipotezi watoto wachache tu. Yapoteza macho na mdomo wake.

Na tuyatie haya katika mtaa wetu. Karani mwenye kitabu nyumbani, asomaye na mwanawe jioni, akimpeleka katika shule ya jirani iliyo ya wastani, mtoto huyo hatapotea. Yale yaliyoonekana Marekani mwaka 1966 yamtetea: nyumba yake ni nusu ya shule yake, wala haifungwi saa nane mchana. Akimtoa ampeleke shule ya kulipia, mtoto huyo atapata faida, pengine kubwa, pengine ndogo. Lakini mtoto wa mama wa vitumbua hana nyumba ya namna hiyo. Elimu yake yote i katika chumba kile kimoja. Karani akiwamo katika mkutano wa wazazi, akauliza mbona madaftari hayasahihishwi, faida ya swali lake humwangukia zaidi mtoto wa yule mama kuliko mwanawe mwenyewe. Akiondoka, hasara nayo huanguka hapo hapo. Kwa hiyo sikubali mtu anapoliita jambo hili la nyumba yake peke yake. Kuondoka kwake kwampunguzia mwingine, tena yule aliye na kidogo zaidi.

Mtu atanijibu, wala hatakuwa mpumbavu: "Mwalimu, mtoto si fedha ya mchango. Utoto wake ni mmoja tu. Nikimwacha katika darasa la watoto mia kwa ajili ya majirani, naye akatoka hajui kusoma, majirani watanilipa nini?" Neno hilo ni zito. Sina haki ya kumtoa mtoto wa mtu kuwa mhanga wa fikira zangu, hata kama fikira hizo ni njema. Yako mambo ambayo nikiyaona katika shule ya jirani, mimi mwenyewe nitamtoa mwanangu kesho, wala sitamngoja mtu anishauri: watoto wakipigwa hata kuumia, na mwalimu mkuu akajua akanyamaza, msichana akiwa hana salama kwa mwalimu au njiani, mtoto akimaliza mwaka wa pili hajui herufi, na shule haioni neno. Hapo mzazi anayekaa kwa ajili ya kanuni amekosa huruma.

Lakini nimeona ya kuwa wengi waondokao hawakuyaona hayo. Hawakufika hata lango la shule. Walisikia tu, au waliona haya kwa wenzao kazini. Na hata walio na sababu ya haki huondoka kimya. Hawamwambii mwalimu mkuu kwa nini, hawaiandikii Kamati ya Shule, hawasemi katika mkutano wa mtaa. Januari mtoto haonekani, jina lake lapigwa mstari katika mahudhurio, basi. Hapo ndipo lawama yangu ilipo. Aliyeondoka kwa sababu ya komeo la choo, naye hakulitaja komeo, amemwokoa mwanawe na kuuacha mlango wazi kwa binti za wengine. Kulitaja kungemgharimu nusu saa.

Hapa hata sisi walimu tumo. Wako walimu wa shule za serikali ambao asubuhi huwapandisha watoto wao katika basi la njano, kisha hutembea kwa miguu kwenda kuwafundisha watoto wa wengine. Siwahukumu, kila mmoja ajua mshahara wake na hofu zake. Lakini wazazi wayaona hayo, nao huyasoma upesi kuliko matokeo ya mtihani.

Jambo la lugha ndilo liwatishalo wengi, na hofu yao haina upuuzi. Shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili, na shule ya sekondari kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akieleza mambo kwa ufasaha darasa la saba aingia kidato cha kwanza akawa kama bubu. Ukuta huo haukujengwa na mwalimu mkuu wa mtaani, wala hawezi kuubomoa. Serikali yenyewe ina shule chache za msingi zifundishazo kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond za Dar es Salaam. Mimi nadhani mtoto aelewaye somo kwa lugha ya nyumbani kwao huijua lugha ya pili vizuri kuliko yule aimbaye maneno asiyoyafahamu, na wa namna hiyo ya pili wamo tele katika shule ziandikazo Kiingereza langoni. Hata hivyo simwambii mzazi asiogope. Namwambia aulize: hapa Kiingereza chafundishwa na nani? Mwalimu huyo akizungumza nacho, hukisema, au hukiandika ubaoni tu? Vitabu vya somo hilo vi vingapi kwa darasa? Hayo huulizika, tena yana majibu.

Maana shule ya jirani ina mahali pa kuulizia. Kamati ya Shule haikuletwa jana. Imo katika Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, na wazazi wana viti ndani yake. Iko ruzuku, iliyowekwa mwaka 2002 kuwa shilingi 10,000 kwa kila mtoto kwa mwaka, na mzazi yeyote aweza kuuliza imefika kiasi gani na imenunua nini. Shule yenye adabu hubandika hesabu hizo ubaoni. Katika shule ya kulipia mzazi asiyeridhika huambiwa aende kwingine. Katika shule ya mtaa hakuna awezaye kumwambia hivyo. Haki hiyo ni kubwa, nami nashangaa jinsi inavyokaa bila kutumika. Mkutano wa wazazi ukiitwa, huja mama wachache, nao huketi nyuma, na mazungumzo yote huwa juu ya mchango wa uji. Mchango wa uji ni jambo la maana, sikatai, kwa kuwa mwenye njaa hasomi. Lakini sijasikia mara nyingi mtu akisimama na daftari mkononi.

Yule mama wa vitumbua, alipokwisha kuwasikiliza wale watoto watatu, hakuwa na shule nyingine ya kumpeleka mwanawe. Alimwandikisha pale pale. Kisha alikwenda kwa mwalimu wa darasa la tatu akamweleza habari za sungura, na za mvua, na za yule aliyenyamaza. Mwalimu alikasirika, akamwambia ana watoto 112 na mikono miwili. Mama akamjibu kwamba ajua, maana vitumbua navyo huungua mtu akiwa na karai nyingi. Juma lililofuata mwalimu alianza kuwaita wale wa nyuma dakika 20 kabla ya kengele, sita sita kwa zamu, na mama yule akawashawishi wenzake wanne kuwatoa watoto wao nyumbani mapema. Katika mtaa huo huo walikuwako baba wawili wenye magari, ambao watoto wao walihamishwa mwaka uliotangulia. Wote wawili walikuwa wameijua habari ya darasa lile kabla yake.